Kibanja cha Mama

Ukishasema unatoka Bukoba, watu wa Dar es Salaam wanakaa mkao wa kusubiri majigambo. Wanataka kusikia ukoo wenu una madaktari wa falsafa wangapi na mjomba wako anaishi Ulaya nchi gani. Sisi ni "nshomile", yaani "nimesoma", jina tulilopewa kwa utani na ambalo, tuwe wakweli, tumelipokea kwa mikono miwili. Basi leo na mimi naomba nafasi ya kujisifu. Tofauti ni kwamba nitamsifu mtu aliyeishia darasa la nne.

Mama yangu alifariki Julai 2023 akiwa na miaka 71. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari katika familia, ndugu walinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Mnaujua ule wasifu wetu wa misibani. Ukurasa mmoja: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto sita. Niliuandika, ukasomwa, watu wakaitikia amina. Lakini hebu tazama hivyo vitenzi. Vyote ni mambo aliyotendewa. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa zaidi ya miaka hamsini, ukisoma pale utadhani alikuwa abiria tu katika maisha yake mwenyewe. Hakuna mstari unaosema alilima nini, wala hicho alichokilima kilikuwa mali ya nani.

Na hilo swali la pili, kilikuwa mali ya nani, ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwanza niwaeleze wasiojua. Ukisema "kibanja" hapa mjini, mtu anafikiria kiwanja kidogo, labda cha kujenga fremu mbili za duka. Kwa Wahaya kibanja ni kitu kingine kabisa. Ni shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, na katikati ya yote hayo kuna nyumba na makaburi ya waliotangulia. Nje ya vibanja kuna rweya, yaani mbuga ya majani ambayo udongo wake umechoka. Kibanja hakikuumbwa na Mungu kikiwa hivyo. Ni rweya iliyolishwa samadi, majani na majivu ya jikoni, mwaka baada ya mwaka, vizazi na vizazi, mpaka udongo ukawa mweusi. Na aliyebeba majani hayo kichwani, mara nyingi, alikuwa mwanamke.

Mama alizaliwa mwaka 1952 juu ya vilima vya Nshamba, katika wilaya ambayo sasa ni Muleba na zamani ilikuwa himaya ya Ihangiro. Kazi yake ya kwanza anayoikumbuka ilikuwa kukata majani rweya pamoja na bibi. Majani hayo yalikuwa ya kutandaza ndani ya nyumba na ya kufunika ardhi kwenye migomba. Wanawake walikuwa na vipande vyao huko huko rweya, ambako walipanda njugu mawe, viazi na mihogo. Mwaka huu unalima hapa, mwaka ujao unahamia pale. Kwa maneno mengine, mwanamke alilima ardhi isiyo na mwenyewe kwa ajili yake, na ardhi yenye mwenyewe kwa ajili ya mwenyewe.

Alipenda sana kutusimulia habari za senene. Msimu wa mvua za Novemba senene wakishuka, wanawake na watoto ndio waliokuwa wakitoka na vikapu kuwakamata. Wanawake ndio waliowanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga. Kisha wakawapelekea wanaume, kwa sababu kwa mila ya zamani mwanamke wa Kihaya hakuruhusiwa kula senene. Sasa fikiria mtu anakaanga kitu kinachonukia vile jioni nzima halafu haruhusiwi kuonja! Tulipokuwa tukimuuliza kama kweli hakuwahi kula, alikuwa anacheka na kusema, "Jikoni kulikuwa na moshi mwingi. Nani angeona?"

Shule alianza. Wakati huo mtu alisoma darasa la kwanza mpaka la nne, halafu wachache wakaendelea na shule ya kati. Ndoto yake ilikuwa kuingia shule ya kati ya wasichana, kama ile ya misheni pale Kashasha. Na hapo ndipo kinapoingia kisa ambacho dunia nzima inakijua kuliko inavyoijua Muleba yenyewe.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule hiyo ya Kashasha walianza kucheka. Hawakuweza kunyamaza. Kicheko kikaambukiza wenzao, kikichanganyika na kilio, hofu na kukimbiakimbia. Wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa. Machi 18 shule ikafungwa na watoto wakarudishwa makwao. Wengine wao walitoka Nshamba, kwa akina mama yangu, na huko nako watu 217 wakapatwa kati ya Aprili na Mei. Watu waliuita ugonjwa huo endwara yokusheka. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakachunguza chakula na maji, hawakuona sumu wala kijidudu. Waliandika ripoti yao mwaka 1963. Tangu hapo kisa hiki kimezunguka duniani kama kichekesho: eti Tanganyika watu walicheka mpaka wakafunga shule. Wataalamu waliokichunguza baadaye wanasema hapakuwa na furaha yoyote pale. Ilikuwa ni miili ya watoto waliolemewa na wasiwasi.

Mama alikuwa na miaka kumi. Yeye hakupatwa, lakini alimwona msichana wa jirani aliyerudishwa kutoka shuleni. Alisema, "Hakuwa anacheka. Alikuwa analia kwa mdomo wa kucheka." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Kwa babu, ushahidi ulikuwa umetimia. Shule inawapa watoto wa kike kichaa. Akamwacha mama amalize darasa la nne, kisha basi. Kaka zake wawili waliendelea. Mmoja akawa mwalimu, mwingine karani wa ushirika wa kahawa. Hao ndio nshomile wetu. Mama akarudi kwenye majani.

Mwaka 1970 aliolewa Maruku, karibu na mji wa Bukoba. Baba alikuwa fundi cherehani mjini, akienda asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni. Babu mzaa baba alimkatia sehemu ya kibanja cha ukoo. Kuanzia siku ambayo mama alitolewa ndani baada ya kukaa kama bibi harusi, kibanja hicho kilikuwa mikononi mwake. Baba alikuwa na cherehani. Mama alikuwa na migomba.

Alijua kila mgomba kwa jina. Enshakala, nyoya, kinunu, ule wa pombe, ule wa kuchoma. Alikuwa anaweza kukuambia shina fulani lilitoka kwa nani, na lilipandwa mwaka gani. Asubuhi kabla ya chai alizunguka akipunguza majani makavu, akiegesha nguzo kwenye migomba iliyoinama kwa mikungu, akizungumza nayo. Ndiyo, aliongea na migomba. Ukimcheka alikuambia, "Wewe unaongea na redio, nimekuuliza?"

Halafu kuna mambo ambayo mkoa wetu hauwezi kuyaruka. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mama alifunga watoto wawili na sufuria moja, akakimbilia kwao Nshamba. Aliporudi mwaka 1979 mkoa ulikuwa umebadilishwa jina kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera, na kibanja kilikuwa kimegeuka pori. Alianza upya.

Miaka minne tu baadaye ukaja ule ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba, jirani kabisa na alikozaliwa mama. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha mtindo kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Katika miaka kumi mama alizika dada wawili, shemeji watatu na rafiki zake ambao aliacha kuwahesabu. Mimi nilizaliwa 1992, kitinda mimba, katika nyumba yenye watoto kumi na mmoja. Nilikuwa na miaka saba nilipogundua kwamba watano kati yao hatukuwa tumbo moja. Hakuna aliyetuambia. Niligundua kwa sababu majina yao ya ubatini kwenye daftari yalikuwa tofauti. Nilipomuuliza mama, alinijibu, "Wote wanakula kwenye kibanja hiki hiki. Umeona tofauti gani nyingine?"

Mdogo wake mmoja hakufa. Huyu alifiwa na mume mwaka 1989. Kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wa mume walimwambia arudi kwao, na kibanja alichokuwa amekilima kwa miaka tisa kikabaki na ukoo. Alikuja Maruku na begi moja na jembe. Lile jembe aliligombania. Alisema ni lake, alilinunua kwa hela ya njugu.

Nikiwa mtoto nilidhani shangazi na wajomba wa upande ule walikuwa watu wabaya tu. Nilipokua na kuanza kazi hii ya kuuliza maswali nikagundua kwamba walikuwa na karatasi. Ipo Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436. Ndani yake urithi umepangwa kwa madaraja: mtoto mkubwa wa kiume daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Binti anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haruhusiwi kuiuza. Na mjane? Kama mumewe ameacha ndugu wa ukoo, mjane hana fungu. Amri inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza niliufunika. Ni mstari mzuri kusikia, unaweza kusomwa hata kanisani. Lakini ukiutafakari unasema hivi: miaka arobaini ya jembe haizai haki, inazaa huruma.

Sasa, Kashasha ile ile ya kicheko ina kisa cha pili. Hiki dunia hakiijui sana, ila wanafunzi wa sheria wanakijua. Mama ndiye aliyenisimulia kwanza, kabla sijakisoma mahali popote.

Mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory alirithishwa shamba la ukoo na baba yake, kwa wosia halali. Akazeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, Gervazi Kaizilege, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, Bernardo Ephrahim, ndugu yake wa ukoo, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akitaka mauzo yafutwe kwa sababu mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Alishinda. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua hukumu hiyo. Akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Hukumu ilitoka Februari 1990. Jaji alisema Katiba yetu sasa ina Haki za Binadamu, inakataza ubaguzi, na nchi imesaini mikataba ya kimataifa ya kulinda wanawake. Kwa hiyo ile kanuni ya mila inayomruhusu mwanamume na kumzuia mwanamke haiwezi kusimama. Kuanzia hapo mwanamume na mwanamke wa ukoo wana haki sawa ya kuuza, kwa masharti yale yale. Ukoo ukitaka kulikomboa shamba, unamrudishia mnunuzi hela yake. Basi. Mauzo ya Holaria yakasimama, na Bernardo akapewa nafasi ya kulikomboa kwa shilingi 300,000 zile zile.

Wanasheria wanaisifu hukumu hiyo mpaka leo, na wana haki. Mama alivyokuwa anaisimulia hata hivyo, hakuwa anaishia kwenye hukumu. Alikuwa anasema, "Bibi yule alikuwa na wosia wa baba yake. Asingekuwa nao je?" Kisha alikuwa anaongeza jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: "Na kesi ilichukua mwaka na nusu. Migomba haisubiri mwaka na nusu."

Baba alifariki mwaka 2001 kwa kiharusi. Kikao cha ukoo kilikaa, kaka yangu mkubwa akasimikwa kuwa musika, mrithi mkuu, na kibanja kikawa chake. Kaka ni mtu mwema. Alikuwa anafanya kazi Mwanza, hakumsumbua mama hata siku moja. Alimwambia, "Mama, hapa ni kwako." Mama alimshukuru. Lakini usiku ule, dada yangu aliyekuwa amelala naye anasema, mama alikaa kitandani macho wazi, akasema polepole, "Hapa ni kwangu kwa sababu yeye ni mwema."

Tulielewa baadaye kwamba usiku ule alishaanza kupanga.

Miaka ile bei ya vanila ilikuwa imepanda kama wazimu, baada ya kimbunga kuharibu mashamba ya Madagascar mwaka 2000. Kagera watu wengi wakapanda. Mama alipanda miche kwenye mibono iliyokuwa pembeni ya migomba. Kwa wasiojua, ua la vanila likifunguka asubuhi linahitaji kuchavushwa siku hiyo hiyo. Huku kwetu hakuna mdudu wa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo inafanywa kwa mkono, ua moja moja, kwa kijiti chembamba. Mama alikuwa na miaka 50. Alivaa miwani aliyoazima kwa jirani, akachavusha kabla jua halijawa kali, msimu mzima. Wezi wa vanila walikuwa wengi, akalala nje na panga pamoja na mdogo wake yule mjane. Mwaka 2003 akauza. Mwaka uliofuata bei ikaanza kuporomoka na majirani wakang'oa. Yeye alikuwa ameshapata alichotaka.

Hakununua bati wala televisheni. Mwaka 2004 alinunua ekari moja ya rweya, mwendo wa robo saa kutoka kibanja cha ukoo. Watu walimcheka. Rweya! Majani matupu na mawe. Lakini alikuwa na karatasi ya mauziano, imeandikwa jina lake, imesainiwa na mashahidi na mwenyekiti wa kijiji. Aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la kahawa la Tanica, ndani ya sanduku. Ardhi iliyonunuliwa si ya ukoo. Hapo hakuna kikao cha kukuambia una fungu au huna.

Kisha akaanza kuigeuza kibanja. Alichimba mashimo, akajaza samadi aliyobadilishana na mtu mwenye ng'ombe, akaleta machipukizi aliyoyachagua mwenyewe, akafunika kwa majani. Mashimo kumi mwaka wa kwanza. Kumi na tano mwaka wa pili. Mimi na binamu zangu tulibeba majani hayo kila Jumamosi na tulilalamika kila Jumamosi. Tukimuuliza ana haraka gani, alisema kibanja hakinunuliwi, kinatengenezwa.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza Tanzania, huko huko Muleba, na miaka michache baadaye ukafika kwetu. Ni ugonjwa wa bakteria. Majani yanakuwa ya njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani ni kahawia. Hauna dawa. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Mabwana shamba walifundisha: kata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, ng'oa shina zima lililougua. Jirani wengi walishindwa na hilo la mwisho. Mtu anang'oaje mgomba wa babu yake?

Mama aling'oa. Nilikuwa na miaka 17, nilimshikia tochi, maana alifanya jioni ili watu wasimwone. Karibu nusu ya kibanja cha ukoo. Enshakala ile iliyotoka kwa mama mkwe wake aliing'oa ya mwisho, akakaa chini kidogo, kisha akachukua jembe tena. Miaka miwili iliyofuata tulikula kutoka ile ekari ya rweya. Waliomcheka walikuja kuomba machipukizi, naye akawapa, akiwaelekeza na panga la kupitisha kwenye moto.

Uzee ulimkuta huko. Magoti yaligoma, shinikizo la damu likaja, akawa anatembea na fimbo. Alijifunza simu ya kubonyeza ili atume na kupokea hela, na hakuna aliyeweza kumdanganya makato. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa nyumba, alilala chini ya migomba siku nne na kukataa kuja Dar. Mgeni akifika alimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha alimtembeza shambani kwake. Alipenda sana hilo neno. Si "shambani". "Shambani kwangu".

Mwaka 2019 aliita katekista na majirani wawili, akaandikisha wosia. Ekari ile ni ya mabinti zake watatu, na mdogo wake mjane akae humo mpaka afe. Kaka zetu walishajua, hakuna aliyelalamika. Lakini wosia ulikuwa na mstari wa mwisho: azikwe humo.

Hapo ndipo usiku wa kuamkia mazishi kukawa na kikao. Wazee wa ukoo wa baba hawakuelewa. Mke anazikwa kwa mumewe, kaburi la baba liko pale na nafasi pembeni yake imeachwa miaka 22. Watu watasemaje? Waligombana naye? Kaka yangu, musika, aliwaambia kwamba aibu ikiwepo ataibeba yeye. Maneno yalikuwa mengi, yalifika saa nane usiku. Mwishowe baba mdogo, mzee kuliko wote, alitugeukia sisi mabinti watatu. Hakuuliza kuhusu mila. Aliuliza hivi: "Mkimzika kule, hamtaweza kuuza tena. Mmelielewa hilo?"

Tulijibu ndiyo. Akasema basi, wachimbe.

Mzee alikuwa amemwelewa mama kuliko sisi. Kwa Wahaya kaburi lina nguvu kuliko karatasi ya mwenyekiti. Mama alijua karatasi inaweza kuliwa na mchwa au na mjanja. Kaburi haliibiwi. Mwanamke ambaye hakuwa na fungu katika ardhi ya ukoo wowote, si wa baba yake wala wa mumewe, alianzisha ya kwake, na wa kwanza kulala humo akawa yeye.

Sasa nisiwafiche, si mambo yote ni matamu. Mji wa Bukoba unakua na viwanja vinatafutwa. Mwaka uliofuata mazishi alikuja mtu na ofa nzuri, akasema kaburi linaweza kujengewa uzio na kupewa njia. Dada mkubwa ana watoto wawili chuoni. Dada wa pili hakutaka hata kusikia. Mimi nipo katikati, na kwa kweli nimeyafikiria yote mawili. Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Jaji Mwalusanya alishasema tunaweza kuuza. Holaria aliuza kwa sababu alikuwa mzee na hana wa kumtunza, na nani wa kumlaumu? Haki ya kuuza ni haki, na wanawake wa kwetu wameipata kwa shida.

Lakini na kutouza, kama uamuzi ni wako na hakuna aliyekulazimisha, nako ni haki. Mama hakuwahi kupata nafasi ya kukataa kuuza kibanja cha Maruku, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza. Sisi tumeulizwa. Kwa sasa tumejibu hapana. Tunachanga kila mwezi kumlipa kijana wa kutandaza majani, na nikipiga hesabu ndizi tunazopata hazirudishi hela hiyo. Mama mdogo bado yuko pale na jembe lake. Yeye asubuhi anazunguka na kuongea na migomba, na akipiga simu anatupa taarifa za kila shina kana kwamba ni wagonjwa wodini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuachia kazi ndogo. Ukienda kwenu likizo hii, kabla hujaanza kula na kulala, muulize mama yako shamba analolima liko kwa jina la nani. Usiishie kwenye jibu la "hapa ni kwetu sote". Ulizia karatasi iko wapi, na mashahidi ni nani, na kama bado wako hai. Atakushangaa. Wangu alinishangaa pia, kisha akaenda kulileta kopo la kahawa.